Muulize Mjomba: Siku saba kisiwani, magofu yakiisha tunafanya nini?

Wapwa zangu hamjambo. Mwezi huu meseji zenu karibu zote zinanuka chumvi, kila mtu anataka kisiwa, kila mtu anataka boti, na mmoja anaulizia nyama ya kasa, huyo nimemsogeza kule chini maana nataka nikifika kwake niwe nimeshatulia. Naanza na mwalimu wa Masasi kwasababu swali lake ndo kubwa, nikishamjibu yeye nusu ya nyie wengine mtakuwa mmepata majibu yenu humohumo.

Mwalimu, Masasi: Shikamoo Mjomba. Mwezi wa sita shule zikifunga tumealikwa na mwalimu mwenzangu kwao Kilwa Kisiwani, mimi na mume wangu na watoto wawili, mkubwa ana miaka 12 mdogo 9. Tutakaa siku saba nyumbani kwa mama yake. Sasa kila ninayemwambia ananijibu we mwalimu kule ni magofu tu, nusu siku umemaliza, siku zilizobaki utakuwa unahesabu minazi. Watoto wangu wamekulia huku bara, bahari wanaiona kwenye tivii, wanataka kuogelea, kupanda ngalawa, kuvua, kila kitu, na mimi mwenyewe kuogelea sijui. Naomba unipangie ratiba ya siku saba, ikiwezekana saa kwa saa, maana mimi bila ratiba siwezi kuishi.

Mjomba: Marahaba mwanangu. Kwanza mna bahati, kulala kwenye nyumba ya mwenyeji kisiwani ni tofauti kabisa na kulala Kilwa Masoko, ng'ambo huku bara, ukavuka asubuhi ukarudi jioni umeshika picha mbili kwenye simu.

Ila ratiba ya saa kwa saa sikupi. Sio uchoyo. Kule saa haipo ukutani, ipo baharini, maji yakijaa mnafanya mambo ya maji kujaa, yakikupwa mnafanya ya kupwa, na ukija na karatasi yako imeandikwa saa nne kuogelea saa sita ngalawa utajikuta saa nne umesimama na watoto na mataulo mbele ya tope, bahari iko kule mbali inakuangalia. Ngoja nikufundishe kuhesabu mwezi, ukishajua hilo ratiba utajipangia mwenyewe hata ya mwakani.

Iko hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yani kwa hesabu ya Kiislamu tarehe 1, 2, 3 na tarehe 15, 16, 17 hapo, ndo bamvua. Maji yanajaa sana na yanakupwa sana, kwenye pwani yetu hii tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3, na mita 3 mwalimu ni ukuta wa darasa lako kutoka sakafuni mpaka dari. Siku hizo maji yanakupwa kwenye saa nne asubuhi, yanajaa kwenye saa kumi jioni. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50, kwahiyo ukipita wiki moja, tarehe 8 au tarehe 22 hivi, mambo yamegeuka, saa nne asubuhi ndo yamejaa, na hayo tunayaita maji mafu, yanasogea kidogo yanarudi kidogo kama mtu mvivu. Bibi yangu pale Mikindani alikuwa hajui kusoma hata jina lake lakini ukimuuliza kesho maji yanakupwa saa ngapi anatoa kichwa dirishani usiku, anaangalia mwezi, anakwambia, na hakosei. Sikuhizi simu zina programu za kuonyesha hayo, zitumie tu, ila mama mwenyeji wako atakujibu haraka kuliko simu na yeye chaji haimuishii.

Kama siku zenu zikiangukia bamvua, asubuhi zote ni za kutembea. Maji yakiondoka mwamba unabaki wazi na kijiji kinahamia huko, kina mama na watoto wanatafuta pweza na chaza. Ombeni mfuatane nao. Watoto wako wataona pweza anavyobadilisha rangi mbele ya macho, leo kahawia sasaivi mwekundu, wataona nyota za bahari, wataona kaa anawakimbia kiupandeupande, na nakuhakikishia hiyo sayansi hutaimaliza darasani muhula mzima. Vaeni viatu vya kufunga, raba za zamani au yeboyebo zenye mkanda, ndala zitabaki kwenye tope na utakuwa unazipigia hodi. Msikanyage matumbawe yaliyo hai, msigeuze jiwe mkaliacha tumbo juu, vilivyo chini yake vinakufa na jua. Na muulize kabla ya kuokota chochote maana vijiji vingine vya pwani sikuhizi wanafunga mwamba miezi kadhaa ili pweza wakue, ukiingia na mkuki wako siku ya kufungwa utakutana na wazee wa kijiji.

Maji yakiwa yamekupwa hivohivo ndo mnakwenda Husuni Kubwa kwa kupita ufukweni. Njia ya juu ipo ila ya chini tamu zaidi, mikoko upande huu bahari upande ule, alafu unapanda kwenye mwamba unakutana na jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, la mwanzoni mwa karne ya 14, vyumba zaidi ya 100, na katikati kuna birika la kuogea la pembe nane. Birika! Watoto wako wanataka kuogelea, waambie Sultani alijenga la kwake juu ya jabali anaangalia bahari. Ibn Battuta alifika Kilwa 1331 enzi za sultani huyohuyo akaandika kuwa ni katika miji mizuri kabisa, na akaeleza jinsi watu walivyompa sultani jina la Baba wa Zawadi kwa ukarimu wake.

Hao wanaokwambia magofu nusu siku wamemaliza wamefanya kama mtu anayekula pilau amesimama. Msiyamalize yote siku moja. Siku moja Gereza, lile boma mnaloliona kutoka kwenye boti kabla hamjatia nanga, Wareno walijenga ngome 1505 na hili mnaloliona sasa lilijengwa upya na Waarabu wa Omani. Siku nyingine Msikiti Mkuu jioni jua likiwa limepoa, sehemu ya kwanza ni ya karne ya 11, wakaja kuongeza ukumbi wa nguzo na makuba karne ya 14, mwambie mdogo wa miaka 9 ahesabu makuba atakaa kimya nusu saa. Siku nyingine magofu ya jumba la Makutani. Na muwasimulie watoto kuhusu sarafu, Kilwa ilikuwa inapiga sarafu zake za shaba zenye majina ya masultani, na mwaka 1944 mwanajeshi mmoja aliokota sarafu tano za Kilwa kwenye visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia, hakuna aliyeeleza mpaka leo zilifikaje huko watu wote wakaridhika. Ila wakisikia hiyo wataanza kuchimba, wakataze mapema, hata kigae cha chungu hakiokotwi, pale ni Urithi wa Dunia tangu 1981 na sheria ya mambo ya kale ipo. Kibali cha kuingia magofuni mnakata Masoko kabla ya kuvuka, msisahau mkarudishwa.

Sasa kuogelea. Mnaogelea maji yanapojaa, hayo yanakusukuma kuja pwani. Yanapotoka yanakuvuta kwenda nayo, na ule mlango wa bahari kati ya Kisiwani na Masoko una kina kirefu, ndo maana majahazi makubwa yaliupenda tangu zamani, mkondo wake sio wa kuchezea. Watoto wasizidi kina cha kiuno, na mtu mzima anayejua kuogelea awe ndani ya maji nao, asikae pwani na simu. Mwalimu wewe usiyejua na wewe ingia, kaa kwenye maji ya magoti, hakuna atakayekucheka, na akikucheka mpe mtihani. Kijijini mtembee mmejistiri, kanga juu ya nguo za kuogelea, kisiwa kile ni cha watu wa dini na nyie ni wageni wa mama wa mtu.

Ngalawa na boti. Mwezi wa sita ni msimu wa upepo wa kusi mwanangu, hilo lazima nikwambie bila kukupamba. Hali ya hewa kavu, mbu wachache, ubaridi kidogo usiku, lakini upepo unaamka kwenye saa nne saa tano na mchana bahari inachafuka, kwahiyo chochote cha kuhusu tanga na kasia kifanyike alfajiri na asubuhi. Kuvua kwa mshipi ndo saa zake hizo, chambo ngisi, mkipata changu wawili na tasi mmoja mnarudi wafalme. Kabla hamjapanda chombo chochote mume wako amuulize nahodha mambo matatu, laifujaketi ziko ngapi na za watoto zipo, mafuta yapo ya kwenda na kurudi, na TMA, yani watu wa hali ya hewa, leo wamesemaje, wakitangaza mawimbi yanayozidi mita 2 kaeni nyumbani mkune nazi. Nahodha akinuna kwa maswali hayo tafuteni mwingine. Laifujaketi ivaliwe, sio ikaliwe, nasema hivi kwasababu nimeona sana watu wameifanya mto.

Songo Mnara nendeni siku moja, kisiwa kipo kusini ya Kisiwani, mnapita kwenye mikoko na ndege wa kila namna, na kule kuna mji mzima wa karne ya 14 mpaka 16, nyumba, misikiti, kuta za matumbawe, na mara nyingi mnakuwa peke yenu. Mimi kule niliaibika. Ilikuwa kama siku tano baada ya mwezi mpevu, tumefika saa mbili asubuhi maji yamejaa, boti imeingia mpaka ndani kabisa kwenye mikoko, nahodha akanambia mjomba saa nne tuwe tumeondoka. Nikasema sawa. Nikaanza kupiga picha milango, yani milango ya kule ina matao mtu unaweza ukasahau jina lako, saa nne ikapita, nahodha akaja kuniita nikamwambia dakika tano, akaja tena nikamwambia dakika tano, tumetoka saa sita tumekuta boti imekaa kwenye tope kama bata anaatamia. Maji yako kule. Tulikaa pale mpaka saa kumi na mbili jioni ndo yakarudi yakatuinua, chakula kimeisha, maji ya kunywa yameisha, mbu wa mikokoni wakaanza zamu yao, na nahodha saa sita zote hizo hakunisema hata neno moja, alikuwa ananiangalia tu. Bora angenisema. Kwahiyo nahodha akikwambia saa nne mwalimu, iwe saa nne kasoro.

Usiku usipokuwa na mwezi watoeni watoto ufukweni wakoroge maji kwa mkono, kuna siku maji yanawaka vimulimuli vya kijani, ni vijidudu vidogo sana vya baharini vinatoa mwanga vikisumbuliwa. Mkubwa wa miaka 12 atakwambia ni kama filamu.

Mzigo: maji ya kunywa ya kutosha, kofia, tochi, dawa za kawaida na dawa ya mbu, mfuko wa nailoni wa kufungia simu. Mchele na sukari kwa ajili ya mama, usiende mikono mitupu siku saba. Basi la kutoka Lindi kwenda Dar mtashuka Nangurukuru, hapo mnapata gari la Masoko. Na mkipita Lindi nunueni ming'oko iliyochemshwa, inakaa vizuri kwenye boti kuliko biskuti, tena watoto wa Masasi hawahitaji kufundishwa kuila.

Kijana, Chikongola, Mtwara mjini: Mjomba mambo. Nina miaka 24, nimezaliwa hapahapa Mtwara, sijawahi kuona nyangumi hata siku moja alafu nasikia wazungu wanapanda ndege kuja kuwaona kwetu. Ni kweli wapo au ni stori za kuvutia wateja?

Mjomba: Poa mpwa, ila ungenisalimia vizuri kidogo, mimi rika la baba yako.

Wapo. Wanatoka kwenye bahari za barafu kule Antaktika wanakokula, wanapanda mpaka maji yetu ya moto kuzaa na kutafuta wenza, kuanzia mwezi wa saba mpaka wa kumi au wa kumi na moja hivi. Ni nyangumi mwenye nundu, mkubwa wake anafika mita 14 na zaidi, yani mrefu kuliko basi unalopanda kwenda Dar, na mtoto anazaliwa ana mita 4 na uzito wa tani moja tayari. Madume yanaimba, ukizamisha kichwa ndani ya maji siku ya bahati unasikia, sauti inatoka kama mlango wa zamani unafunguliwa taratibu.

Nenda Msimbati, ni kama kilomita 40 kutoka mjini, pale ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000, kuna kiingilio unalipa kwa watu wa hifadhi. Asubuhi mapema bahari ikiwa bado haijachafuka kaa ufukweni uangalie mbali, unatafuta moshi, ule mvuke anaotoa akipumua, unasimama sekunde chache unapotea. Wavuvi wanawaona kila msimu hawashtuki, kwao ni kama wewe kuona bodaboda. Ukipanda boti mwambie nahodha asisogee karibu ya mita 100, asiingie kati ya mama na mtoto, na apunguze mbio. Usiruke majini kuwafata, mama mwenye mtoto ni mama mwenye mtoto hata akiwa na tani 30.

Na jambo moja la Msimbati ambalo wageni hawalijui, ufukwe ule ni mzuri mno, mchanga mpaka magari yanapita juu yake, lakini bahari inazama ghafla karibu tu na pwani, hatua chache kina kimekupita. Kwa wenye miwani ya kuzamia na kibomba cha kupumulia ndo raha yenyewe, ukuta wa matumbawe uko karibu huhitaji boti ya mbali. Kwa asiyejua kuogelea ni mtego.

Dada, Shangani: Shkamoo Mjomba, wiki iliyopita tulikuwa Msangamkuu nikakanyaga yule mdudu mweusi mwenye miiba kama nungunungu, miiba ikakatikia ndani ya kisigino, kaka mmoja akasema dawa ni kukojolewa, akajitolea kabisa. Nilikataa. Je nilikosea?

Mjomba: Marahaba. Hujakosea chochote, na huyo kaka usiende naye tena baharini.

Mkojo hausaidii. Ukitoka tu majini unachovya mguu kwenye maji ya moto kiasi unachoweza kuvumilia, mtu mwingine ayapime kwanza kwa mkono maana mguu wenye maumivu haujui kipimo utaungua, unakaa nusu saa mpaka saa moja na nusu, sumu ya hiyo miiba haipendi joto. Inayochungulia unaivuta kwa kibano, iliyozama usiichokonoe na sindano ya nguo, unaongeza kidonda juu ya kidonda. Wazee wetu wanapaka utomvu wa papai bichi, mimi mwenyewe nilipakwa nikiwa mdogo nikanyamaza, sijui kwa dawa au kwa kumuogopa bibi. Ule weusi unaobaki mara nyingi ni rangi tu inaondoka siku mbili tatu. Ukiona unavimba, usaha, homa, au mwiba uko kwenye kiungo, nenda zahanati, na uulizie sindano ya pepopunda. Mchomo wa samaki taa na wa samaki jiwe nao ni maji ya moto kwanza, ila hao huduma ya kwanza haitoshi, njiani kabisa kuelekea hospitali.

Vijana wanne, Lindi: Mjomba heshima yako. Tunataka kulala kwenye hema ufukweni siku tatu, hatujafanya kabla. Tunafikiria Msimbati. Mmoja wetu anasema tusimwambie mtu tujifiche tu kwenye minazi, ushauri wako.

Mjomba: Huyo mmoja wenu muacheni nyumbani. Mnapofika mnakwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji, mnasema majina, mnatoka wapi, mnalala wapi, siku ngapi. Pale mpo karibu na mpaka wa Msumbiji, vijana wanne wageni wamejificha kwenye minazi usiku na tochi hawaitwi watalii. Alafu mkishajulikana kijiji kizima ndo walinzi wenu, mtaletewa na samaki.

Hema lisikae chini ya mnazi, nazi haina adabu. Lisikae chini ya ule mstari wa majani ya bahari na takataka uliobaki mchangani, huo ndo mpaka maji yalipofika mara ya mwisho, na kama mwezi bado unaelekea kuwa mpevu maji ya leo usiku yatapita mpaka huo, siku za bamvua yanajaa kwenye saa kumi alfajiri, saa ambayo nyie mnakoroma. Namjua mtu aliyeamka godoro linaelea. Mwanga uwe mdogo, kasa wanapanda usiku kutaga na wakiona mwanga wanageuza wanarudi na mayai yao.

Msije mwezi wa tatu au wa nne, masika na mahema hawaelewani, na vimbunga vikituamulia kuja ni karibu na miezi hiyo, Kenneth ilipita jirani Aprili 2019, Hidaya ikatupiga Mei 2024 mpaka barabara ya Dar ikakatika, na wazee wenu hapo Lindi waulizeni wawasimulie kimbunga cha 1952. Njooni mwezi wa tisa wa kumi. Tena wa kumi korosho zimeanza kuuzwa, kila mtu ana hela na tabasamu.

Mwanafunzi, Kilwa Kivinje: Shikamoo Mjomba, mwalimu katuambia Kilwa kulivuliwa samaki wa enzi za dinosaria. Naweza kumuona nikizamia na miwani?

Mjomba: Marahaba mwanangu, mwalimu wako yuko sahihi. Anaitwa silikanti, dunia nzima ilijua ameshatoweka kabla watu hawajakuwepo mpaka 1938 alipopatikana mmoja Afrika Kusini, na kwa Tanzania wa kwanza kuripotiwa alinaswa kwenye jarife la wavuvi huko Songo Mnara mwaka 2003. Kumuona kwa miwani huwezi, anakaa kwenye mapango ya chini mita 100 na kushuka. Dinosaria wenyewe walikuwa majirani zenu vilevile, mifupa ya Tendaguru ilichimbwa hapa Lindi kati ya 1909 na 1913 ikapelekwa Berlin, ipo huko imesimama mpaka leo. Mwambie mwalimu wako awapeleke Tendaguru, ajiandae na barabara.

Msomaji, Mtwara: Mjomba nimealikwa kisiwani na jamaa zangu, wamesema wataniandalia kasa. Wanasema ni chakula cha wazee na kinaongeza nguvu. Nile?

Mjomba: Usile. Nimevuta pumzi mara tatu kabla ya kuandika.

Kwanza kasa analindwa na sheria, nyama na mayai. Pili, na hili ndo nataka ulisome mara mbili, kuna wakati nyama ya kasa inakuwa na sumu, na kwa macho huwezi kujua, kwa kunusa huwezi kujua, na kuchemsha hakuitoi. Machi 2024 kule Kisiwa Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula kasa, kisiwa cha wavuvi kile, watu wanaoijua bahari kuliko mimi na wewe. Mama anayenyonyesha akila, sumu inapita kwenye maziwa inamfika mtoto ambaye hata hakualikwa. Nguvu gani hiyo. Waambie jamaa zako kwa upole wakupikie pweza wa nazi, na wao wenyewe wasile, na kama ameshashikwa na yuko hai wamrudishe majini kabla wewe hujafika.

Baba wa watoto watatu, Newala: Mjomba nataka kuwapeleka watoto wakaogelee pale Ruvuma inapoingia baharini, nasikia maji mawili yanakutana panapendeza.

Mjomba: Panapendeza ukiwa kwenye boti na mtu wa hifadhi. Kuogelea hapana, mto ule una viboko na mamba na maji yake ni ya udongo hata ukiangalia huoni kitu. Teremka nao Mtwara, pandeni kivuko mvuke Msangamkuu, kivuko chenyewe tu kwa mtoto wa Newala ni safari, wakaogelee hapo maji yakiwa yanajaa. Na wavae viatu, muulize dada wa Shangani.